Mwaka wa Utarajali katika Mafunzo ya Ubingwa wa Tiba ya Mionzi

Daktari bingwa wa tiba ya mionzi hutibu saratani kwa kuelekeza mionzi mikali kwenye uvimbe huku akikinga viungo vya jirani. Karibu nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji tiba hiyo wakati mmoja au mwingine wa ugonjwa wao. Wengi humdhania kuwa mtu wa mashine. Kumbe mashine huendeshwa na wataalamu wengine, na hesabu za dozi hukaguliwa na mwanafizikia wa tiba; linalobaki mikononi mwa daktari ni mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana mafunzo ya fani hii hayaanzii kwenye chumba cha mionzi, huanzia wodini.

Nchini Marekani ubingwa huu huchukua miaka 5 baada ya shahada ya udaktari: mwaka 1 wa utarajali, kisha miaka 4 ya tiba ya mionzi. Chombo kinachosimamia mafunzo hayo, ACGME, kinataka angalau miezi 9 ya mwaka wa kwanza itumike kuhudumia wagonjwa katika idara nyingine za tiba au upasuaji. Hospitali nyingi zinazofundisha fani hii hupokea madaktari kuanzia mwaka wa pili tu, na mwombaji hujitafutia mwenyewe nafasi ya utarajali, mara nyingi katika hospitali nyingine na hata mji mwingine. Chache huuingiza mwaka huo ndani ya programu yao: ombi moja, mkataba mmoja, kuhama mara moja. Nafuu ya mwombaji iko wazi, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba walimu wa mionzi huchagua wenyewe wodi ambazo mwanafunzi wao atapitia, wakamwelekeza kwenye saratani, tiba ya maumivu na wagonjwa mahututi.

Manufaa ya wodi hizo huonekana kwa mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi iliyokomaa. Mara nyingi hufika akiwa amevuja damu kwa miezi, na uvimbe umebana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Matibabu ya kawaida ni mionzi ya nje, kwa mfano mara 25 katika wiki 5, pamoja na dawa ya sisplatini kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Sisplatini huumiza figo; mgonjwa ambaye figo zake zimeshazibwa hawezi kupewa kabla ya kupimwa damu, kupigwa ultrasaundi na, ikibidi, kufunguliwa njia ya mkojo. Tiba nzima inatakiwa iishe ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu kila siku inayopotea huupa uvimbe nafasi ya kukua tena. Homa iliyochelewa kutibiwa au damu iliyochelewa kuongezwa huharibu kazi ambayo mashine imeifanya vizuri. Hayo yote ni kazi ya daktari wa zamu, naye huyajifunza katika utarajali.

Afrika Mashariki mpangilio ni mwingine. Tanzania, Kenya na Uganda humtaka kila daktari mpya afanye utarajali wa mwaka 1 kabla ya kusajiliwa kikamilifu, akizunguka katika tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Afrika Kusini hutaka miaka 2, kisha mwaka 1 wa kutumikia jamii. Ubingwa huja baadaye: Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Muhimbili hufundisha onkolojia ya kitabibu pamoja na Taasisi ya Saratani Ocean Road, na bingwa anayetoka hapo hutoa mionzi na dawa za saratani pia. Utarajali huu haukutungwa kwa ajili ya saratani, na upungufu wake ni huo. Ubora wake ni kwamba daktari huyo ameshazalisha, ameshashona, ameshatibu malaria kali.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuata mfumo wa Ubelgiji: mazoezi ya hospitalini yamo ndani ya masomo ya chuo, mwishoni, na aliyehitimu hujiandikisha kwenye chama cha madaktari. Hakuna mwaka tofauti wenye cheti chake. Anayetaka kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Tanzania kusomea ubingwa huhitaji kuonyesha kwa maandishi kwamba mazoezi yake yanalingana na utarajali wa huko.

Kwa upande wa mashine, historia ina kejeli yake. Katanga, mkoa wa Kongo ambao mji wa Kalemie, kando ya ziwa hilo, ulikuwa ndani yake hadi 2015, ulitoa madini ya urani ya mgodi wa Shinkolobwe. Tangu 1922 yalisafishwa Olen, Ubelgiji, na radiamu yake ikatibu saratani za watu wa mbali. Februari 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilizindua mpango wa kueneza tiba ya mionzi Afrika, na Kongo ni miongoni mwa nchi 7 za mwanzo. Lakini mashine bila watu haidumu, na watu bila mashine hawafundishiki: ile ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika 2016, mpya haikuzinduliwa rasmi hadi 2018.

Mgonjwa wa Kabimba, upande huo huo wa Kongo wa ziwa, hupelekwa kwanza Kalemie. Mionzi yenyewe iko mbali, kwa mfano Mwanza au Dar es Salaam, kwa boti hadi Kigoma na kisha safari ya nchi kavu. Miaka ya ubingwa haiwezi kufundishwa Kalemie. Mwaka wa kwanza unaweza, kwa sababu unadai vitanda, wagonjwa, maabara na daktari mwandamizi wa kusimamia, wala haudai chumba chenye kuta nene za zege. Linalohitajika ni mpangilio: zamu zenye tarehe za kuanza na kumaliza katika kila idara, daftari la kazi lenye idadi ya wagonjwa waliolazwa, walioongezewa damu na waliopewa mofini, sahihi ya msimamizi kila mwezi, na barua inayotaja miezi kwa idara. Daftari likiandikwa kwa Kifaransa, tafsiri iliyothibitishwa iandaliwe kabla ya ombi kutumwa.