Bei ya Chai Ng'ambo na Umeme wa Kisii na Nyamira



Fundi wa kuchomelea vyuma pale Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, aweza kudhani kwamba kazi yake haina uhusiano wowote na mambo ya Pakistan au Sudan. Kumbe uhusiano upo, tena mkubwa.

Wakulima wa sehemu hizo hupeleka majani ya chai katika viwanda kama Nyansiongo, Kebirigo na Ogembo. Humo umeme huendesha feni za kunyausha majani na mashine za kuyakata. Majani yaliyochumwa hayawezi kungoja. Hapana budi yashughulikiwe upesi. Kwa hiyo umeme wa kiwandani hufuata mvua.

Umeme wa madukani ni jambo jingine. Huo hufuata fedha za mkulima, nazo fedha hizo hutoka ng'ambo. Chai huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, na mnunuzi mkubwa ni Pakistan. Mwezi Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Soko moja likafungwa. Kabla ya hapo, bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo, iliyowekwa mwaka 2021 na kuondolewa mwaka 2024, ilifanya chai nyingi ikose wanunuzi na kubaki maghalani.

Kadhalika dola yenyewe hupanda na kushuka. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa karibu 129. Maana yake, kilo iliyouzwa dola 2 ililetea shilingi 320, kisha 258 tu. Ni kweli kwamba shilingi ikipata nguvu ankara ya umeme hupungua kidogo, kwa kuwa sehemu yake hutegemea fedha za kigeni. Lakini unafuu huo wamfaa nini fundi asiye na wateja? Bonasi ikiwa ndogo, mkulima haagizi mlango wa chuma, na mwenye duka huzima jokofu lake.

Basi, anayetaka kukopa ili anunue mashine kubwa aulize kwanza bei ya chai Mombasa na thamani ya dola. Tena, katika mwaka wa bonasi nzuri, aweke kando fedha za kulipia ankara za mwaka mbaya. Akiba haiozi.