Deni la Rafiki na Njia ya Sheria



Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi, mume na mke, yalitufika. Tulimkopesha rafiki yetu shilingi 60,000 za karo ya mwanawe, bila kuandikiana. Mwaka ukapita. Akaacha kupokea simu zetu, na hata kanisani akawa anakaa mbali nasi.

Wengine walitushauri twende polisi, lakini deni la kawaida ni shauri la madai, si la jinai. Tulimwandikia barua ya kumdai, tukampa siku 14. Aliponyamaza, tulifungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi jijini Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria yataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ushahidi wetu ulikuwa ujumbe wa M-Pesa na ule aliotuandikia akiomba muda.

Alikiri deni, akalilipa kwa awamu. Leo tunasalimiana tena.

Ndugu zetu, mkikopeshana andikianeni, na mashahidi watie sahihi. Wala msikawie: kwa kawaida, deni la mapatano lisilofikishwa mahakamani kwa miaka 6 halidaiki tena kisheria.