Kwa Nini Motokaa ya Bei ya Chini Hunyimwa Vitu Rahisi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mamboleo, Kisumu)



Nimeombwa niseme juu ya jambo tunalobishania kila siku: kwa nini motokaa ya bei ya chini hukosa vitu visivyo na gharama kubwa? Tazameni karibu na usukani wa motokaa kama hiyo. Mara nyingi mtaona vifuniko vya plastiki vimeziba matundu. Mwenye motokaa ya bei ya juu ana swichi mahali pale pale. Tundu limekwisha tobolewa, na swichi si ghali. Basi mbona haikutiwa?

Sisi watu wa reli tusishangae, maana hila hii ilikuwa kwetu kabla ya motokaa kuwapo. Hapo zamani huko Ulaya mabehewa mengine ya daraja la tatu hayakuwa na paa. Abiria alinyeshewa mvua na kupigwa moshi. Mwaka 1849 injinia Mfaransa, Jules Dupuit, alieleza sababu. Kampuni hazikuogopa gharama ya paa. Zilimwogopa abiria awezaye kulipa daraja la pili, asije akahamia la tatu. Maskini hakunyeshewa kwa kuchukiwa. Alinyeshewa ili mwenye pesa atishike.

Waunda motokaa nao hufanya hivyo. Mwaka 2022 kampuni ya BMW, katika nchi kadhaa, iliuza motokaa zenye vifaa vya kupasha viti joto ndani yake tayari, lakini mnunuzi alitakiwa alipe zaidi, kwa mfano kila mwezi, ili viwashwe. Watu wakanung'unika, na mwaka 2023 kampuni ikaacha. Hapo gharama ya kifaa haikuwa neno, maana kilikwisha fungwa.

Tuseme haki pia. Kitu cha shilingi 100 kikitiwa katika motokaa 100,000 ni shilingi milioni 10. Tena mpini wa dirisha hausumbui kama mota. Kukosa mapambo si dhuluma. Kila mtu na achague kwa kadiri ya mfuko wake.

Lakini uhai si pambo. Mwaka 2014 shirika la Global NCAP liligongesha motokaa zilizouzwa India. Volkswagen Polo isiyo na mifuko ya hewa ilipata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Polo yenye mifuko miwili ilipata nyota nne. Kampuni ikaacha kuuza ile isiyo na mifuko.

Mara nyingi lakini sharti sheria iseme. Uingereza, sheria ya mwaka 1844 iliamuru iwepo treni ya nauli ndogo, na abiria wake wakingwe mvua. Hapa Kenya, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza Februari 2004, matatu zilitakiwa kufunga mikanda na vidhibiti mwendo. Nyingi zilisimama mpaka zilipofungwa. Mkanda haukuwa kitu kigeni. Ulikosa mtu wa kuulazimisha.

Ndugu zangu, hili latuhusu kazini. Mahali pengi kibarua na mwajiriwa wa kudumu hubeba chuma kile kile, mmoja ana buti na glavu, mwingine ana kandambili. Mwajiri atasema fedha hakuna. Tumwulize: buti ni shilingi ngapi, na mguu uliovunjika ni shilingi ngapi? Kisha tujiulize sisi: kibarua akikaa bila buti, nani hutishika? Ni wewe mwenye buti. Ukimwona, unaogopa kudai mshahara usije ukawa kama yeye. Kibarua yule ndiye behewa lisilo na paa.

Kwa hiyo naomba, tutakapoketi na mwajiri, buti za vibarua ziandikwe juu kabisa katika madai yetu, hata kama wengine wao bado hawajalipa ada ya chama. Tukiliacha jambo hili kwa hiari ya mwajiri, tutangoja sana.