Shule ya Ng'ambo au Shule ya Nyumbani? Mwongozo kwa Familia za Vijana Wachezaji wa Vikapu

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walimu wa michezo, makocha na wanafunzi wa kaunti.



Kila msimu wa michezo ya shule unapomalizika, kuna mzazi anayepigiwa simu. Anayepiga husema amemwona kijana uwanjani au kwenye video ya simu, na kwamba kuna shule Marekani inayomtaka. Kijana ana miaka 16 na kimo chake kinawapita walimu. Mzazi anaambiwa aamue wiki hiyo hiyo kwa sababu nafasi ni moja. Nyumba nzima inaingia katika furaha na hofu kwa pamoja. Wengine huwaza kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kupata nauli.

Uamuzi huo si mdogo. Unagusa masomo ya mtoto, usalama wake na mali ya familia. Kwa hivyo ni vyema kila familia ijue jinsi mambo yanavyokwenda kabla ya kutia sahihi popote.

Shule zinazozungumziwa ni zipi?

Nchini Marekani kuna shule za upili za umma, ambazo mtoto husoma karibu na kwao, na kuna shule za kibinafsi za maandalizi ya chuo kikuu, nyingi zikiwa za bweni. Baadhi ya shule hizi za maandalizi zimejijengea jina kwa mpira wa vikapu. Oak Hill Academy katika jimbo la Virginia ni mojawapo, na Montverde Academy ya Florida ni nyingine. Timu zao husafiri kutoka jimbo hadi jimbo, hucheza dhidi ya wapinzani wakali, na makocha wa vyuo vikuu huenda kuzitazama. Nyingine humpokea kijana aliyemaliza shule ya upili kwa mwaka mmoja wa ziada, akaongeza nguvu na kuboresha alama.

Faida yake ni ya kweli. Carmelo Anthony alianza shule karibu na Baltimore, akahamia Oak Hill kwa mwaka wake wa mwisho, na mwaka wa 2003 akashinda ubingwa wa vyuo vikuu na Syracuse. Luol Deng, ambaye familia yake ilitoka eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, alipita Misri na London kabla ya kusoma Blair Academy huko New Jersey. Kutoka hapo alienda chuo kikuu cha Duke, kisha akaingia NBA mwaka wa 2004.

Lakini orodha ya waliofaulu kupitia shule za kawaida ni ndefu vilevile. LeBron James alisoma shule ya upili ya Kikatoliki mjini kwao Akron, Ohio, na mwaka wa 2003 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA. Anthony Davis alisoma katika shule ya Chicago isiyo na jina kubwa katika vikapu, na mwaka wa 2012 naye akachaguliwa wa kwanza. Ja Morant alisoma shule ya upili ya kwao South Carolina. Vyuo vikubwa havikumkimbilia, akaenda Murray State, na mwaka wa 2019 akachaguliwa wa pili.

Hadithi ya Joel Embiid kutoka Cameroon inafundisha zaidi. Alianza mchezo huu akiwa na miaka 15, akapelekwa Montverde akiwa na miaka 16. Pale wachezaji wazuri walikuwa wengi, na hakupata muda mwingi uwanjani. Alihamia The Rock School, shule ndogo zaidi mjini Gainesville, na hapo ndipo alipopata nafasi ya kucheza na kukua. Mwaka wa 2014 alichaguliwa wa tatu. Yaani jina kubwa la shule halimsaidii mtoto anayekaa kwenye benchi. Mchezaji hujengwa kwa kucheza.

Kijana wa Kenya ana chaguo gani hasa?

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Kwa visa ya mwanafunzi iitwayo F-1, kijana wa kigeni anaweza kusoma shule ya upili ya umma ya Marekani kwa muda usiozidi miezi 12, na lazima familia ilipe gharama kamili ya masomo hayo. Kwa hivyo anayeahidi miaka mitatu ya bure katika shule ya umma kwa visa hiyo anaahidi lisilowezekana. Chaguo la kweli kwa familia nyingi ni kati ya shule ya kibinafsi ng'ambo na shule ya upili hapa nyumbani.

Na shule ya nyumbani si chaguo la aliyeshindwa. Shule kama Kaya Tiwi katika Kaunti ya Kwale na Laiser Hill katika Kaunti ya Kajiado zinajulikana nchi nzima kwa vikapu, na mashindano ya shule za upili hufika hadi ngazi ya Afrika Mashariki. Chini ya mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na mmoja wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi mwenye kipaji sasa anaweza kusomea michezo kama somo halali.

Mifano ipo karibu. Madina Okot alilelewa Kenya, akachezea Zetech, na hakuhitaji kupitia shule ya maandalizi ng'ambo ili aende kucheza katika vyuo vikuu vya Mississippi State na baadaye South Carolina. Tylor Ongwae, aliyefunga kikapu cha dakika ya mwisho Kenya ilipoishinda Angola 74 kwa 73 Februari 2021, alipitia chuo cha miaka miwili huko Texas kabla ya kuhamia chuo kikuu Louisiana. Khaman Maluach wa Sudan Kusini alikulia Kawempe, Uganda, akaendelea katika akademia ya NBA nchini Senegal, akaenda Duke, na mwaka wa 2025 akachaguliwa wa kumi. Milango ni mingi kuliko ule mmoja anaoutaja mtu wa simu.

Masomo ndiyo tiketi

Chuo kikuu cha Marekani kinachoshiriki daraja la kwanza la NCAA hakiwezi kumchezesha kijana kwa sababu ya kimo chake tu. Kanuni za NCAA zinadai awe amemaliza kozi 16 za msingi, zikiwemo miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati na miwili ya sayansi, na wastani wa angalau 2.3. Kwa aliyesoma Kenya, cheti cha mtihani wa kitaifa na ripoti za shule hupelekwa huko vikapimwe. Anayechezea timu ya shule huku akikosa madarasa ya hisabati anajifungia mlango kwa mkono wake.

Kuna mtego mwingine. Hesabu ya miaka ya NCAA huanza mwanafunzi anapoingia darasa la tisa au kiwango kinacholingana nalo, na kozi hizo zinatakiwa kukamilika ndani ya miaka minne. Baada ya kuhitimu kwa wakati, nyongeza inayokubaliwa ni kozi moja tu. Kwa hivyo wakala anayemshauri kijana arudie madarasa, au apunguziwe umri kwenye karatasi ili aonekane bado mdogo, anamharibia. Cheti cha kuzaliwa cha uongo huweza kumfungia kijana chuo, visa na hata timu ya taifa.

Pia, kumtoa mtoto Kidato cha Tatu na kumpeleka ng'ambo kunamaanisha huenda asifanye KCSE. Mambo yakienda mrama baada ya miezi minane, anarudi nyumbani bila cheti cha huku wala cha huko. Hilo ndilo hasara kubwa kuliko nauli.

Pesa na ahadi

Shule nyingi za bweni za maandalizi nchini Marekani hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Neno "ufadhili" lina maana nyingi. Kuna ufadhili wa karo peke yake, kuna wa nusu ya karo, na kuna unaodumu mwaka mmoja kisha unakatwa kocha akiondoka. Mzazi anapaswa kuomba barua ya shule yenyewe, si ya wakala, inayoeleza nani analipa karo, bweni, chakula, bima ya afya, tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi. Aulize pia mtoto atalala wapi bweni linapofungwa wakati wa likizo, na nini kitatokea akivunjika mguu. Shule ya kweli haitaudhika kwa maswali hayo.

Hati inayomwezesha kijana kuomba visa ya F-1 ni fomu ya I-20. Fomu hiyo hutolewa na shule iliyoidhinishwa na serikali ya Marekani pekee, na orodha ya shule hizo hupatikana kwenye tovuti ya serikali hiyo. Visa inafungamana na shule. Kijana akihama bila utaratibu, au shule ikimwacha, hupoteza haki ya kukaa nchini humo. Mahakama za Marekani zimewahi kusikiza kesi za watu waliowaombea vijana wa kigeni hati kwa jina la shule ambazo vijana hao hawakusoma. Waliobaki wakihangaika walikuwa watoto.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu inamlinda mtoto dhidi ya anayemsafirisha kwa hila ili kumnufaisha mwingine. Mtu akidai kushika pasipoti ya mtoto, akitaka pesa taslimu bila risiti, akikataza familia kuwasiliana na shule moja kwa moja, au akihimiza uamuzi wa haraka, hizo ni dalili za kusimama na kuripoti kwa polisi au kwa afisa wa watoto aliye karibu.

Hatua za kufuata

Kwanza, familia iketi na mtoto. Asikizwe yeye mwenyewe: anapenda nini zaidi ya mpira, na anaweza kukaa mbali na nyumbani katika baridi na upweke?

Pili, kocha wa shule aulizwe bila kificho. NCAA yenyewe inakadiria kwamba takribani mchezaji mmoja kati ya mia wa shule za upili za Marekani, kwa upande wa wavulana, hufika daraja la kwanza la vyuo. Timu za NBA ni 30, na kila moja huwa na wachezaji 15 wa mkataba wa kawaida. Kipaji kipimwe kwa macho ya mtu asiyelipwa kumsifu mtoto.

Tatu, shule inayotajwa ipigiwe simu kupitia namba iliyo kwenye tovuti yake rasmi. Familia imtafute mzazi mwingine ambaye mtoto wake amesoma hapo, azungumze naye.

Nne, mwalimu mkuu wa shule ya sasa ahusishwe. Ripoti za masomo zihifadhiwe tangu mwaka wa kwanza, na pasipoti iombwe kupitia eCitizen kwa majina na tarehe za kweli.

Tano, karatasi zote zipelekwe kwa wakili au kwa afisa wa elimu kabla ya sahihi. Anayekataa karatasi zake zisomwe na mtu mwingine hafai kukabidhiwa mtoto.

Ni lini basi inafaa kwenda? Inafaa pale shule imethibitika, gharama zimeandikwa, masomo yake yanatambuliwa, kuna mtu mzima anayejulikana atakayemwangalia mtoto, na mtoto atapata kucheza. Likikosekana moja kati ya hayo, ni heri akamilishe masomo hapa, acheze ligi za hapa, arekodi mechi zake na kuziandikia klabu na vyuo akiwa na cheti mkononi. Baada ya Kidato cha Nne au Gredi ya 12 bado kuna chuo cha miaka miwili, chuo kikuu cha ng'ambo, na vyuo vya Kenya vinavyotoa ufadhili kwa wanamichezo.

Katiba imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Wakazi wana haki ya kuhudhuria vikao vya bajeti na kudai uwanja wenye sakafu nzuri na pete imara, na wakati wa basari, kukumbusha kuwa mwanafunzi mchezaji naye ni mwanafunzi. Kila uwanja unaotengenezwa katika wadi unampunguzia mzazi mmoja haja ya kumpeleka mtoto mbali akiwa bado mdogo.

Mtoto akipewa muda, akala vizuri, akasoma na kufanya mazoezi, kimo na ustadi havitampotea. Nafasi ya kweli itakuwepo hata wiki ijayo.