Andiko Dhana Linaloanzia Chini ya Mkorosho: Teknolojia ya Anga za Juu kwa Masasi na Newala

Kuanzia Juni, mikorosho ya Newala na Masasi, mkoani Mtwara, inapoanza kuchanua, wakulima huamka alfajiri kuwahi umande. Mashine ya kupulizia hubebwa mgongoni, salfa ya unga hurushwa juu ya matawi upepo ukiwa bado umetulia, na unga hushika vizuri kwa sababu majani na maua yamelowa. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, kazi ya siku hiyo imekwisha. Baada ya wiki mbili hivi mzunguko hurudiwa, na hivyo hivyo mara kadhaa kwa msimu, kupambana na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga. Anayewahi mno hupoteza salfa, na anayechelewa hupoteza korosho.

Mhadhara huu unahusu anga za juu, na unaanzia kwenye uamuzi huo wa lini na wapi pa kupulizia. Hoja yake ni moja: andiko dhana la kuomba fedha za mradi wa teknolojia ya anga linapaswa kuanza na mtu aliye ardhini mwenye jambo la kuamua, kisha ndipo lipande hadi kwenye setilaiti. Maandiko mengi hufuata njia ya kinyume. Husifu chombo, hueleza kamera yake, na mkulima hutajwa aya ya mwisho kama mnufaika.

Kurasa chache zenye uzito

Wafadhili wengi wa teknolojia hawapokei andiko kamili moja kwa moja; huanza na andiko dhana la kurasa chache. Shirika la Anga la Ulaya, kwa mfano, katika programu yake ya matumizi ya kibiashara, huwataka waombaji walete kwanza muhtasari wa mradi, na wanaofaulu ndio hualikwa kuandika andiko kamili. Katika hatua hiyo ya kwanza msomaji anatafuta mambo machache: tatizo ni la nani, nani atatumia matokeo, teknolojia imefika wapi, timu ina uwezo gani, gharama ni kiasi gani, na nani atabeba mzigo fedha za mradi zikiisha. Asiyejibu maswali hayo kwenye kurasa hizo chache hapati nafasi ya pili ya kuyajibu.

Historia ya Tanzania ina mfano wa mradi wa anga ambao haukuwahi kujibu swali la mtumiaji. Mapema miaka ya 1960 Marekani ilijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani, huko Tunguu, Unguja. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye. Miaka miwili baadaye, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, na kikafungwa. Siasa za Vita Baridi zilichangia sana. Hata hivyo kituo kilikuwa na udhaifu wake: huduma yake yote ilikwenda kwa rubani aliyepita juu, na mkulima wa karafuu aliyeishi jirani hakuwa na sababu ya kukitetea.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya andiko la Masasi na Newala haifai kusema kwamba mradi utatumia teknolojia ya kisasa kuinua maisha ya wakulima. Sentensi ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa wilaya yoyote na zao lolote. Iseme, kwa mfano, kwamba ndani ya misimu mitatu afisa ugani wa kata fulani ataweza kuwaarifu wakulima, siku kadhaa kabla, ni mashamba gani yaanze kupuliziwa. Hapo mtumiaji anaonekana, uamuzi unaonekana, na mfadhili ana kitu cha kupima.

Mti mmoja, pikseli moja

Ukubwa wa tatizo unahitaji aya moja tu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba yao mbali, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ukaenea. Utafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, matumizi ya salfa na miche bora vilisaidia kulirudisha zao hilo hadi likapita tani 300,000 msimu wa 2017/18. Mwandishi wa andiko ana ushahidi mkononi kwamba ugonjwa ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuangusha uchumi wa mkoa mzima, na kwamba maarifa yanaweza kuuinua tena.

Sehemu ya teknolojia ndiyo inayotaka hesabu. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha za ardhi zikiwa mbili kwa zamu, kila siku tano, na picha hizo hutolewa bure. Pikseli moja ya picha zake zilizo kali zaidi ni mita 10 kwa mita 10. Mikorosho, ikifuata nafasi inayoshauriwa, hupandwa mita 12 kwa mita 12. Ekari moja ina miti kama 28 na pikseli kama 40. Maana yake ni kwamba picha ya bure inaweza kuonyesha shamba linalopukutisha majani, linalochipua, au lililoachwa likawa pori. Haiwezi kuonyesha unga mweupe kwenye shada moja la maua.

Andiko makini husema hivyo waziwazi, kisha hueleza namna ya kuziba pengo hilo. Ndege isiyo na rubani inaweza kupiga picha za karibu kwenye mashamba machache ya mfano. Vituo vidogo vya hali ya hewa vinaweza kupima unyevu na joto la usiku, mambo yanayouchochea au kuuzuia ugonjwa. Simu ya mkulima inaweza kuleta picha ya ua lenyewe. Njia hiyo ya mwisho si ndoto: programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti.

Jiografia nayo iingie kwenye usanifu. Mji wa Masasi uko chini ya uwanda, katikati ya milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, pale Shimo la Mungu ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Joto na umande wa usiku havilingani. Kituo kimoja cha hali ya hewa hakiwezi kusemea sehemu zote mbili, na bajeti inayoweka kimoja tu imeshakosea.

Ngazi tisa

Kinachotofautisha mradi wa kuendeleza teknolojia na mradi wa kununua vifaa ni ngazi za ukomavu. NASA ilianza kuzibuni mwaka 1974, na leo ziko tisa: ya kwanza ni kanuni iliyothibitishwa kisayansi, ya tisa ni kifaa kilichokwisha kufanya kazi katika mazingira yake halisi. Mfadhili hutaka kujua mradi unaanzia ngazi ipi, utafikia ipi, na ni jaribio gani litakaloonyesha kwamba umefika.

Hapa ndipo waombaji wengi hujikwaa, kwa sababu ngazi haihami pamoja na programu. Nchini Benin watafiti wametumia picha za setilaiti kuchora ramani za mashamba ya korosho, na walionyesha kwamba eneo la mashamba hayo karibu liliongezeka maradufu kati ya 2015 na 2021. Njia hiyo ikiletwa Newala haiji na ukomavu wake wote. Mikorosho mingi ya huku imechanganywa na mihogo na mbaazi, mingine ni ya zamani na matawi yake yamegusana, na kompyuta haijawahi kufundishwa mchanganyiko huo. Andiko likidai ngazi ya saba, mkaguzi atauliza ushahidi. Likisema linaanza na ya nne na kuomba fedha za kufika ya sita kwa misimu miwili ya majaribio shambani, linaaminika.

Kujenga setilaiti au kutojenga

Shauku ya kuwa na setilaiti ya nyumbani inaeleweka, na majirani wameshaonyesha njia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa katika KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, na setilaiti yake 1KUNS-PF, mchemraba wenye upande wa sentimita 10, ilirushwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Uganda ilifuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, iliyojengwa na wahandisi wake kwa ushirikiano na Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, iliyogharimu shilingi za Kenya zipatazo milioni 50.

Faida kubwa ya miradi hiyo ni wahandisi. KiboCUBE hutoa nafasi ya kurushwa bure, lakini gharama za kujenga na kujaribu chombo hubaki kwa chuo. Chombo kidogo kinachozunguka kilomita 400 juu hupita upeo wa Newala mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika kama kumi au pungufu, na huanguka na kuungua baada ya mwaka mmoja au miwili. Hakiwezi kuwa tegemeo la mkulima. Kinaweza kuwa darasa la vijana wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Andiko linaloomba fedha kwa ajili ya wahandisi liseme hivyo, na linaloomba kwa ajili ya korosho litumie picha zilizopo. Ombi linalochanganya malengo hayo bila kuyatenganisha humwacha msomaji bila kipimo cha lolote kati ya hayo.

Vibali, watu na gharama za baadaye

Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na mpaka wa Msumbiji suala la usalama halikwepeki. Utafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Masafa ya redio yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ramani inayoonyesha shamba la fulani na hali ya mikorosho yake inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hasa pale mnunuzi anapoweza kukisia mavuno kabla ya mnada. Kila kibali kina muda wake, na muda huo uonekane kwenye ratiba.

Wabia wapo: Naliendele kwa ugonjwa, Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa vipimo, na vyama vikuu vya ushirika, TANECU kwa wakulima wa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa wa Masasi. Chama kikuu kisiingizwe kwa barua ya kuunga mkono pekee. Kipewe kazi yenye jina na fungu lake la bajeti, kwa kuwa ndicho kitakachobaki.

Uwanda wa Makonde unajua mradi wa wafadhili unavyoondoka. Mchanga wake hunyonya mvua, maji hupatikana kwa shida, na tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Finland iligharimia maji vijijini Mtwara na Lindi. Pampu na mabomba havikukosekana. Kilichosumbua ni vipuri, mafuta na fundi, mwaka hata mwaka. Kwa mradi wa anga mzigo huo ni vocha za intaneti, betri za vituo, mafuta ya pikipiki ya afisa ugani na mshahara wa kijana mmoja anayejua kuchakata picha.

Ratiba nayo ifuate mkorosho. Fedha zikifika Agosti, maua yameshatoka, na msimu wa kwanza utumike kupima hali ilivyo bila kutoa ushauri wowote. Wa pili ulinganishe mashamba yaliyopata taarifa na yasiyopata. Wa tatu uwe wa kukabidhi. Na kabla kurasa hizo hazijatumwa popote, zisomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), Newala na Masasi. Wanachama watauliza nani atalipa mradi ukiisha, ramani ni mali ya nani, na atakayepulizia kwa kufuata ujumbe uliokosea atafidiwa vipi salfa yake. Majibu ya maswali hayo matatu yaingie kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, mbele ya jina la setilaiti yoyote.