Mpime, Mfundishe, Mpime Tena

Wazazi wa Msimbati na vijiji vyote vya Mnazi Bay, leo namtetea yule mtoto aliyekwisha kuitwa mzito. Kapata tatu kwa kumi, basi, kahukumiwa. Hukumu hiyo inaniuma, maana mara nyingi haina ushahidi.

Sikilizeni yaliyotokea Bagamoyo, kwa ndugu zetu wa pwani. Wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakiwa na wenzao Watanzania, waliwapa watoto wa shule mafumbo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Katika fumbo mojawapo mtoto alitakiwa agundue kitu alichokifikiria mpimaji, kwa kuuliza maswali ya ndiyo au hapana. Wengi wangebahatisha tu: ni hiki? Ni kile? Watafiti hawakuishia kuandika alama. Waliwafundisha watoto, kwa muda usiofika saa moja, namna ya kuuliza swali linaloondoa vitu vingi kwa mpigo. Kisha wakawapima upya. Alama zikapanda, na tena, alama za mwanzo hazikutabiri vizuri nani angefanya vyema baada ya kufundishwa. Hebu fikirieni: chini ya saa moja! Sisi tunamhukumu mtoto kwa miaka yote ya shule ya msingi.

Bagamoyo hukohuko ilionekana kwamba watoto wenye kichocho kikali walishindwa zaidi kushika mambo waliyotajiwa punde tu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dawa kabla ya viboko. Mwingine haoni ubaoni. Mwingine sikio lilitoka usaha akiwa mdogo, na hadi leo anasikia nusu. Na aliyelelewa kwa Kimakonde, ukimpima kwa Kiswahili siku zake za kwanza shuleni, umempima lugha tu.

Hata Alfred Binet na Théodore Simon, walipotunga kipimo chao cha akili mjini Paris mwaka 1905, walikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada. Kazi ya kipimo ni hiyo.

Basi mama, baba, ukiambiwa mwanao hafundishiki, uliza kwa adabu: macho yamepimwa? Masikio je? Alielekezwa akajaribu tena? Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu; mwulize Afisa Elimu Kata ni nani jirani aliyesomea kazi hiyo. Mpeleke mtoto kwake wewe mwenyewe, na ubebe madaftari yake ya mwaka jana, ili mpimaji aone alikoanzia.