Upana wa Jicho la Kimbunga: Swali Tunalosahau Kuuliza Dhoruba Inapoingia Nchi Kavu



1. Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1926, kimbunga kiliupiga mji wa Miami, Marekani. Asubuhi upepo ukakatika ghafla. Watu wakatoka nje wakiamini yamekwisha, wakajaa barabarani kutazama uharibifu. Mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya mji huo, Richard Gray, alihangaika kuwasihi warudi ndani. Baada ya takribani dakika 35 upepo ulirudi kutoka upande mwingine, ukiwa mkali kuliko mwanzo na ukisukuma maji ya bahari mjini. Wengi walikutwa nje.

Utulivu ule ulikuwa jicho la kimbunga likipita juu yao. Hoja yangu leo ni moja: daraja la kimbunga, yaani 1 hadi 5 katika kipimo cha Saffir-Simpson, hutaja kasi ya upepo tu. Halisemi jicho lina upana gani. Upana huo ndio unaosaidia kujua nani atapigwa na upepo, nani atafuatwa na maji, na utulivu wa hadaa utadumu muda gani.

2. Jicho na ukuta wake

Hewa hukimbilia katikati ya kimbunga, kwenye mgandamizo mdogo, huku ikizunguka. Mtoto anayezungusha jiwe lililofungwa kwenye kamba anaijua kanuni yake: ukiifupisha kamba, jiwe huongeza kasi. Hewa nayo, kadiri inavyokaribia kitovu, huzunguka kwa nguvu zaidi mpaka ishindwe kusonga ndani. Hapo hupanda juu na kujenga mduara wa mawingu mazito, nao ndio ukuta wa jicho. Upepo mkali kuliko wote hukaa kwenye ukuta huo. Katikati yake hewa hushuka, hupata joto na kukausha mawingu, na mara nyingine anga la buluu huonekana.

Macho mengi yana upana wa kilomita 30 hadi 65, lakini tofauti ni kubwa. Mnamo Oktoba 2005, jicho la kimbunga Wilma kwenye bahari ya Karibi lilibana hadi chini ya kilomita 4, na mgandamizo ukashuka hadi milibari 882, kiwango cha chini kabisa kuwahi kurekodiwa katika Atlantiki. Mwaka 1960, jicho la kimbunga Carmen karibu na Okinawa, Japani, lilikadiriwa kuwa na upana wa kilomita 370.

Jicho pia hubadilika. Katika vimbunga vikali, ukuta wa pili huweza kujengeka nje ya ule wa kwanza na kuunyima hewa yenye unyevu. Ukuta wa ndani hufa, wa nje hushika nafasi, na jicho hufunguka upya likiwa pana. Kasi ya upepo hupungua, lakini eneo linalopigwa huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wilma: siku chache baadaye, kilipofika Florida tarehe 24 Oktoba, jicho lake lilikuwa na upana wa makumi ya kilomita.

3. Jicho jembamba: Charley, 2004

Tarehe 13 Agosti 2004, macho ya watu wengi Florida yalikuwa kwenye Tampa, kwa kuwa mstari wa utabiri ulielekea huko. Kimbunga Charley kikakata kona mapema. Ndani ya saa chache jicho lake lilisinyaa hadi upana wa takribani kilomita 9, na upepo ukafikia kilomita 240 kwa saa. Punta Gorda na Port Charlotte ziliharibiwa vibaya. Hata hivyo upepo mkali zaidi ulibaki ndani ya kilomita kumi na kidogo kutoka kitovuni, na maji ya bahari yalipanda kwa takribani mita 2 tu. Kwa jicho kama hilo, kosa dogo la njia hubadilisha mji utakaopigwa.

4. Jicho pana: Katrina mbele ya kumbukumbu ya Camille

Pass Christian, mji wa pwani ya Mississippi, umepitiwa na vimbunga vya aina zote mbili. Mwaka 1969 Camille kilifika hapo kikiwa daraja la 5, kikali lakini kidogo kwa umbo, na maji yalipanda kwa takribani mita 7.5. Tarehe 29 Agosti 2005 Katrina kiliingia nchi kavu kikiwa daraja la 3, kikiwa kimetanuka sana. Maji yalipanda hadi mita 8.5 hapo hapo Pass Christian, na mafuriko yakasambaa kwenye eneo kubwa mno la pwani.

Wako waliokataa kuhama kwa sababu nyumba zao zilistahimili Camille. Walilinganisha 3 na 5, wakaona wako salama. Wengine walilipa kwa uhai wao. Hesabu yao ilikuwa na mantiki. Walikosea kwa sababu namba waliyopewa haikupima kilichokuja kuwaua.

Tuwe waangalifu: upana wa jicho hausemi yote. Husomwa pamoja na eneo lote lenye upepo mkali, mwendo wa kimbunga na kina cha bahari karibu na ufuo.

5. Utulivu hudumu muda gani?

Kimbunga kikiingia nchi kavu hukosa unyevu wa bahari na kukwaruzwa na ardhi. Baada ya saa kadhaa jicho hujaa mawingu na kupotea. Lakini wakazi wa ufukweni hulipata likiwa bado wazi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya upana wa jicho kwa mwendo wa kimbunga. Jicho la kilomita 10 likienda kilomita 30 kwa saa huleta utulivu wa dakika 20. Jicho la kilomita 60 likienda kilomita 20 kwa saa huleta saa 3. Huo ndio muda mrefu kuliko wote, kwa aliye kwenye njia ya kitovu. Aliye pembeni hupata pungufu au hapati kabisa.

6. Pwani yetu ya Tanzania

Tusidhani haya ni ya wenzetu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 2024. Karibu na ikweta vimbunga mara nyingi huwa vidogo kwa umbo, hivyo fundisho la Charley linatuhusu sana. Pia, kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kwetu kutoka mashariki, upande wa kusini wa jicho ndio unaosukuma bahari kuelekea nchi kavu.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila taarifa ya tahadhari itaje, pamoja na daraja, upana wa jicho na umbali ambao upepo mkali unafika.

Pili, ramani zetu zioneshe eneo lote la hatari, kwa sababu mstari mmoja huwapumbaza walio pembeni yake.

Tatu, redio, misikiti, makanisa na viongozi wa vijiji wafundishe sentensi moja: upepo ukikatika ghafla, kaa ndani, utarudi kutoka upande wa pili.

Gray alilazimika kuisema sentensi hiyo barabarani, akiwa na dakika 35 tu. Sisi tuna muda wa kuifikisha kwa wavuvi na wakulima wetu kabla upepo haujaanza kuvuma.